Bakteria wa utumbo wakivurugika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bakteria wa utumbo wana kazi gani?

Wengi wao wanaishi kwenye utumbo mpana. Makadirio yaliyotolewa 2016, na ambayo ndiyo yanayotumika sana hadi leo, yanasema mtu mzima wa kilo 70 ana bakteria wapatao trilioni 38, lakini ukiwapima wote kwa pamoja hawazidi gramu 200 hivi. Chakula chao ni kile ambacho utumbo mwembamba umeshindwa kusaga, yaani nyuzinyuzi za maharage, mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa. Wakizila wanatoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo inaitwa butireti, na hiyo ndiyo nishati kuu ya seli zinazopamba ukuta wa utumbo mpana. Kwa hiyo ukiwanyima bakteria chakula, ukuta wa utumbo wako nao unalala njaa.

Wana kazi ya pili isiyoonekana, nayo ni kujaza nafasi. Kijidudu kigeni kikiingia kinakuta chakula kimeshaliwa na kila kona ina mwenyewe, hivyo mara nyingi kinapita tu na kutoka.

Mvurugiko unaletaje ugonjwa?

Tuangalie kwa karibu kinachotokea kwenye ukuta wa utumbo. Seli zake zinapochoma butireti zinatumia oksijeni nyingi, kwa hiyo oksijeni haifiki kwenye uwazi wa utumbo. Bakteria wenye manufaa wanapenda hali hiyo, maana wengi wao hufa wakikutana na oksijeni. Sasa chukua antibayotiki ya siku saba inayowaua watengenezaji wa butireti. Seli zinakosa nishati yao, zinageukia sukari, oksijeni inabaki bila kutumika na kuanza kuvujia ndani. Wanaonufaika ni jamii ya *E. coli*, *Salmonella* na ndugu zao, ambao wanajua kuishi na oksijeni. Wanaongezeka haraka, ukuta unavimba, na uvimbe huo unawazidishia nafasi.

Njia nyingine ni ya nyongo. Ini humwaga asidi za nyongo, na bakteria fulani wa utumbo mpana wanazibadili umbo. Zile zilizobadilishwa humzuia bakteria mbaya anayeitwa *Clostridioides difficile*; zile ambazo hazijabadilishwa humwamsha. Huyu hujihifadhi kama spora, mithili ya mbegu ngumu, na anaweza kukaa kimya muda mrefu. Antibayotiki ikiwaondoa wabadilishaji wa nyongo, spora zinaamka, zinatoa sumu, na mtu anaanza kuhara.

Kila nikinywa antibayotiki naharisha. Ni mzio?

Kwa kawaida siyo. Mzio ni vipele, kuwashwa, uso au midomo kuvimba, kupumua kwa shida. Kuharisha peke yake ni matokeo ya bakteria waliovurugwa, na wakati mwingine ni dawa yenyewe kuusukuma utumbo, kama ilivyo kwa amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani. Ni muhimu kutofautisha, kwa sababu mtu akiandikwa kwenye kadi kuwa ana mzio wa amoksilini wakati hana, kila akiugua atapewa dawa kali zaidi, zinazovuruga zaidi.

Kuhara kwa kawaida huisha siku chache baada ya dozi. Kunywa maji ya chumvichumvi ya paketi (ORS). Soma paketi kwanza: nyingi ni za lita moja ya maji safi, lakini zipo za nusu lita na za mililita 200, na kosa la kuchanganya paketi ya lita moja kwenye kikombe linaweza kumdhuru mtoto kwa chumvi kuzidi. Ukikosa paketi, weka vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha bila kilima, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa.

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona damu kwenye kinyesi, homa, tumbo kuwa gumu na kuvimba, mkojo kukauka, au kuharisha mara tatu au zaidi kwa siku kunakoendelea zaidi ya siku mbili. Sema wazi kwamba umetumia antibayotiki, hata kama ulimaliza miezi miwili iliyopita, kwa sababu *C. difficile* inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya dozi. Usinywe loperamidi (dawa ya kufunga tumbo) kabla hujaonwa. Ikiwa ni *C. difficile* au kuhara damu, kufunga tumbo kunafungia sumu ndani.

Basi niache dozi katikati?

Usiache kabla ya kuzungumza na aliyekuandikia. Kwa nimonia, homa ya tumbo iliyothibitishwa au maambukizi ya damu, ugonjwa ni hatari kuliko kuharisha. Ila swali la kumuuliza daktari lipo: je, bado naihitaji, na je, ipo yenye kuvuruga kidogo zaidi? Klindamaisini, seftriaksoni na jamii ya siprofloksasini ndizo zinazoongoza kufungulia mlango *C. difficile*.

Nilipima nikaambiwa nina taifodi na UTI, nikapewa sipro na sindano. Hilo linahusianaje na utumbo?

Linahusiana sana. Kwa maoni yetu hapa ndipo bakteria wengi wa utumbo wanapouawa bure Afrika Mashariki. Kipimo cha Widal kinachotumika katika maabara nyingi hakimtafuti bakteria wa taifodi, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na vijidudu. Kingamwili zinaweza kuwa zimebaki kutoka ugonjwa wa zamani, au zimechokozwa na bakteria mwingine wa jamii hiyo. Jibu moja la Widal, hasa kwa mtu asiye na homa ya siku kadhaa, halitoshi kumwanzishia mtu dozi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu, yaani kuiweka maabara ili bakteria waliomo wakue na kutambuliwa, kabla ya dawa kuanza.

UTI nayo: kuona bakteria kwenye mkojo wa mtu asiye na maumivu, homa wala kukojoa mara kwa mara si sababu ya kutumia antibayotiki. Isipokuwa mjamzito, yeye anatibiwa hata bila dalili. Kabla ya kulipia dawa uliza: dalili zangu zinaendana na jibu hili? Mkojo ulioteshwa, au umeangaliwa kwa kijiti tu?

Inachukua muda gani bakteria kurudi?

Utafiti uliochapishwa 2018 uliwapa wanaume 12 wenye afya mchanganyiko wa antibayotiki tatu kali kwa siku 4 tu. Baada ya mwezi mmoja na nusu hali ya utumbo ilikuwa imekaribia kurudi ilivyokuwa. Lakini spishi tisa walizokuwa nazo wote kabla ya dawa hazikuonekana tena kwa wengi wao hata baada ya siku 180. Mwili unajirekebisha, ila haurudishi kila kitu, na mtu anayerudia dozi kila miezi miwili hampi yeyote nafasi ya kurudi.

C. difficile inatibiwaje?

Kwanza ithibitishwe. Kinapimwa kinyesi cha majimaji, si kilichoshikana, na baada ya kupona hakuna haja ya kurudia kipimo kwa sababu kinaweza kuendelea kuonyesha chanya kwa mtu aliyepona kabisa. Kipimo hakipatikani kila mahali, na kuhara kwetu kuna sababu nyingine nyingi: amiba, kipindupindu, *Salmonella*, VVU ambavyo havijapimwa. Zitafutwe pia.

Kama antibayotiki iliyoleta tatizo inaweza kusitishwa, isitishwe. Dawa za kutibu ni fidaksomisini miligramu 200 mara mbili kwa siku, au vankomisini miligramu 125 ya kunywa mara nne kwa siku, zote kwa siku 10. Pasipo na hizo, metronidazoli miligramu 500 mara tatu kwa siku hutumika kwa ugonjwa usio mkali.

Kuna kosa linalojirudia: vankomisini ya kuchoma kwenye mshipa haitibu ugonjwa huu, kwa sababu haifiki ya kutosha ndani ya utumbo mpana. Ni lazima inywewe. Hospitali isiyo na vidonge inaweza kuyeyusha dawa ya kichupa cha sindano na kumpa mgonjwa anywe. Mfamasia anajua kupima.

Nimesikia watu wanapandikizwa kinyesi. Ni kweli?

Ni kweli, na inafanya kazi. Madaktari wa Denver, Marekani, walieleza wagonjwa wanne waliotibiwa hivyo mwaka 1958. Ushahidi mzito ulikuja 2013 kutoka Uholanzi, kwa wagonjwa ambao *C. difficile* ilikuwa inawarudia. Waliowekewa kinyesi kilichochujwa cha mtu mwenye afya walikuwa 16. 13 walipona kwa mara ya kwanza, na wawili zaidi kwa mara ya pili. Waliopewa vankomisini peke yake walipona 4 kati ya 13. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa mno. Marekani imeidhinisha bidhaa mbili za namna hii: ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa mwishoni mwa 2022, na ya vidonge mwaka 2023.

Usijaribu nyumbani. Mtoaji hupimwa VVU, homa ya ini, minyoo, na bakteria sugu kwa dawa. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu kupata *E. coli* sugu kutoka kwenye kinyesi cha mtoaji mmoja ambacho hakikupimwa bakteria hao. Mmoja alifariki.

Ninunue vidonge vya probayotiki (bakteria au hamira hai za kumeza)?

Kwa mtu mzima asiye mgonjwa, hatuoni sababu ya kutumia pesa hizo. Kwa anayetumia antibayotiki, hasa mzee aliyelazwa, baadhi ya aina zinapunguza kuharisha. Iliyochunguzwa sana ni *Saccharomyces boulardii*. Hii ni hamira, siyo bakteria, kwa hiyo antibayotiki haiiui. Huanzwa ndani ya siku mbili za mwanzo wa dozi. Za bakteria zinywewe saa mbili mbali na antibayotiki, la sivyo unazinunua ili ziuawe.

Asitumie mtu mwenye kinga iliyoshuka sana, mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, wala mtoto njiti bila uamuzi wa daktari wake; hamira au bakteria hao wanaweza kuingia kwenye damu. Na lipo jambo wauzaji hawalisemi: utafiti wa Israel wa 2018 ulionyesha kuwa watu waliokunywa mchanganyiko wa probayotiki baada ya antibayotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa bila kitu. Wageni walikaa kwenye nafasi za wenyeji.

Mtindi, mala na togwa vinasaidia?

Vinasaidia, na bei yake inaeleweka. Utafiti uliofanywa Tanzania miaka ya 1990 kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuta kuwa waliokunywa togwa iliyochacha walikuwa na bakteria wachache wa kuhara kwenye kinyesi. Ukali ule wa togwa ni asidi ya laktiki, na bakteria wengi wa kuhara hawauvumilii.

Ila kuchacha hakusafishi kila kitu. Maziwa mabichi yenye bruselosi au kifua kikuu yakigandishwa bila kuchemshwa bado ni hatari. Chemsha kwanza, yaache yapoe hadi uweze kuzamisha kidole kisafi na kuhesabu hadi kumi bila kuungua (kama nyuzi 45), changanya vijiko 2 au 3 vya chakula vya mtindi mpya usio na sukari kwa kila lita, funika, funga chombo kwa blanketi, acha saa 6 hadi 8. Yakikataa kuganda, mara nyingi ulitia mbegu maziwa yakiwa moto ukaiua, au mtindi wa dukani ulikuwa umepashwa moto baada ya kugandishwa na hauna bakteria hai. Yakitoa povu, rangi ya waridi au harufu ya kuoza, mwaga.

Kama unatumia siprofloksasini au doksisaiklini, usizinywe pamoja na maziwa wala mtindi, maana kalisi inaishika dawa na kuizuia kuingia mwilini. Kunywa sipro saa 2 kabla ya maziwa au saa 6 baada.

Nile nini, na kwa kiasi gani?

Lenga gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina karibu 15. Nusu ya parachichi kubwa ina 6 au 7. Zinazobaki utazipata kwenye kunde, mbaazi, choroko, kisamvu, mchicha, mlenda, mapera na ugali usiokobolewa. Kiporo cha viazi, ndizi za kupika au wali uliopoa kwenye friji usiku kucha kina wanga sugu zaidi, yaani wanga ambao utumbo mwembamba hauusagi na bakteria wa utumbo mpana wanaupenda. Wali uwekwe kwenye friji mapema, usilale mezani.

Kuhusu dona tuna tahadhari. Ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, lakini sumukuvu (sumu ya ukungu wa nafaka) hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu ambazo sembe imeziondoa. Kuchacha au kupika hakuitoi ya kutosha. Chambua mahindi punje kwa punje kabla ya kusaga, tupa yaliyooza, kubadilika rangi au kutobolewa, na usisage yenye unyevu.

Ongeza polepole. Mtu aliyezoea wali na chipsi akianza na bakuli la maharage atajaa gesi, atasema maharage hayamfai. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya, anza na robo kikombe kwa siku kwa wiki nzima ndipo uongeze.

Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi wamechunguzwa sana kwa sababu bakteria wa utumbo wao ni wa aina nyingi kuliko wa watu wa miji ya Ulaya na Marekani. Utafiti wa 2017 ulikuta kwamba baadhi ya jamii za bakteria wao hupungua hata kutoonekana msimu wa mvua, kisha hurudi kiangazi chakula kinapobadilika. Hili linatupa moyo: kutoonekana si lazima kuwe kutoweka.

Mtoto mwenye utapiamlo: tatizo ni chakula au bakteria?

Ni yote mawili. Malawi walifuatiliwa mapacha jozi 317, na katika baadhi ya jozi mmoja alipata kwashiakoo na mwenzake hakupata, ingawa nyumba na chungu ni kimoja. Bakteria wa wagonjwa walipowekwa kwa panya wasio na bakteria waliolishwa chakula kama cha Malawi, panya wale walikonda vibaya. Matokeo hayo yalichapishwa 2013. Mwaka 2021 utafiti wa Dhaka, Bangladesh, ulitumia chakula cha dengu, soya, karanga na ndizi mbichi, kilichoteuliwa kulisha bakteria wanaohitajika. Watoto waliokila kwa miezi mitatu waliongezeka uzito vizuri kuliko waliopewa chakula cha lishe cha kawaida, japo chao kilikuwa na kalori chache zaidi.

Mzazi asichukue hayo kama sababu ya kuacha maziwa maalumu na chakula dawa cha kliniki. Wala asikatae amoksilini anayopewa mtoto mwenye utapiamlo mkali. Jaribio la Malawi la watoto zaidi ya 2,700 lilionyesha vifo vya asilimia 4.8 kwa waliopewa amoksilini, dhidi ya 7.4 kwa wasiopewa. Hapa dawa ina sababu, na inaokoa.

Unga wa virutubishi wenye madini ya chuma unamharibu mtoto tumbo?

Utafiti wa Kenya wa 2015 kwa watoto wa kuanzia miezi 6 ulikuta kuwa unga wenye chuma uliongeza *E. coli* wa kuhara na uvimbe wa utumbo. Bakteria hao wanahitaji chuma, na chuma ambacho mtoto hakukifyonza kinawafikia. Utafiti uliofuata hukohuko ukaongeza aina ya nyuzinyuzi inayolisha bakteria wema, na madhara yakapungua. Upungufu wa damu nao unaua na kudumaza ubongo, kwa hiyo usisimamishe mwenyewe. Mtoto akianza kuharisha baada ya kuanza unga, mrudishe kliniki wampime.

Na mtoto mchanga?

Maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Ndani yake kuna sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga kabisa. Zipo kwa ajili ya bakteria wake. Maji, uji au dawa za mitishamba mapema vinaharibu mpangilio huo.

Vipi dawa za kusafisha utumbo, na vipimo vya bakteria vinavyouzwa mtandaoni?

Acha. Utumbo wenye afya hauna uchafu uliogandana ukutani unaosubiri kusuguliwa. Dawa hizo ni za kuharisha, zinatoa maji, potasiamu na bakteria pamoja. Vipimo vya kinyesi vinavyotoa orodha ndefu ya bakteria navyo havijafikia kumwambia daktari akupe dawa gani.

Kisukari, unene na ini navyo vinatokana na bakteria?

Kwa kisukari na unene, mabadiliko ya bakteria yanaonekana wazi, lakini kipi kilitangulia bado kinachunguzwa, na hakuna kidonge cha bakteria kinachochukua nafasi ya metformini, dawa ya kisukari. Kwa ini lililoharibika tiba ipo tayari: mgonjwa anayechanganyikiwa kwa sababu ya amonia, sumu inayotoka utumboni ambayo ini limeshindwa kuiondoa, hupewa laktulosi (dawa ya kulainisha choo) hadi apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku, na rifaksimini (antibayotiki inayobaki utumboni) kama hali hiyo inarudia. Akikosa choo siku mbili, ndugu wasisubiri achanganyikiwe.

Tunamuuguza nyumbani mgonjwa wa C. difficile. Tujikingeje?

Sanitaiza ya pombe haiui spora. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kila unapomhudumia, na mgonjwa anawe kila atokapo chooni. Choo, kitasa, bomba na beseni visafishwe kwanza kwa sabuni, kwa sababu klorini juu ya uchafu haifanyi kazi. Kisha tumia jiki ya asilimia 3.5: kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, uso ubaki umelowa dakika 10 kabla ya kufuta. Changanya mpya kila siku, vaa glavu, fungua dirisha, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo. Shuka zilizochafuka zisikung'utwe; zikunjwe ndani kwa ndani, zifuliwe peke yake kwa maji ya moto na zianikwe juani. Kama kuna choo cha pili, mgonjwa awe na chake hadi apitishe siku mbili bila kuharisha.